Taulo la Raundi ya Saba

Vijana wa ukumbi,

Juzi wawili wenu walinijia nyumbani na daftari na kalamu mpya. Waliniambia mnapaka rangi ukumbi wetu wa Kampemba, na kwamba kwenye ukuta wa upande wa mifuko ya mazoezi mtaandika mapambano ya mabingwa wa zamani. Mmeamua kuanza na mimi kwa sababu nilishika ubingwa wa uzito wa juu muda mrefu, na pia kwa sababu, kama mmoja wao alivyosema bila kufikiri, ndiye niliyebaki. Nilicheka, nikapokea daftari. Walipoondoka nililifungua, nikakuta mmeshaanza kunisaidia kazi. Ushindi mmeuachia kurasa nne. Kushindwa mmekupa nusu ukurasa, na tayari mmejaza wenyewe mistari mitano.

Mstari wa nne unasema hivi: "Mtu wa Kolwezi. Raundi ya saba. Kocha alitupa taulo."

Hamna kosa. Mmeandika kile mlichoambiwa na baba zenu, na baba zenu walikisikia kwangu. Lakini mstari huo hauwezi kuandikwa ukutani, na mimi peke yangu ndiye ninayejua sababu yake. Ushindi wangu waulizeni wazee pale sokoni, watawasimulia na kuuongezea chumvi bure. Mimi nitawaandikia kushindwa, na nitafika kwenye mstari wa nne kwa mwendo wangu. Mtu wa kilo mia na kumi hakimbizwi.

Kwanza mjue huyo kocha ni nani, maana wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa anaitwa Papa Kalenga. Alifanya kazi reli, akipaka mafuta magurudumu ya mabehewa, na jioni alifundisha ngumi katika huu ukumbi wakati ulikuwa bado hauna saruji chini. Alikuwa mfupi, mwembamba, mikono yake haikutakata kamwe kwa sababu ya yale mafuta. Siku niliyoingia mara ya kwanza alinizunguka mara mbili, halafu akauliza, "Weye ni wa clan gani?"

Nikamwambia mimi ni wa Chui.

"Bon," akasema. "Mi ni wa Mbuzi. Mungu ananiletea munungwe wa kilo mia. Sasa njo atanikula kabisa."

Ninyi mliozaliwa kwenye simu labda hamjui sana mambo haya. Watu wa Chui na watu wa Mbuzi ni watani, banungwe, tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukunyang'anya kofia, na ukifa anakuja msibani kukucheka, na familia yako inampa chakula. Basi mimi na Papa Kalenga tuliishi hivyo miaka yote. Aliniita Chui bila meno. Nilimwita kitoweo. Watu wa nje walidhani tunagombana. Ndani ya matusi yale nilifundishwa kila kitu ninachokijua, na ndani ya matusi hayo hayo nilijificha, kama mtakavyoona.

Alinifundisha kufunga mikono. Nawaona siku hizi mnafunga haraka haraka huku mnatazama simu. Kitambaa kinaanza kwenye kifundo cha mkono, mara tatu, kisha kidole gumba, kisha katikati ya vidole, na kila mzunguko unakunja ngumi kwanza ndipo unavuta. Ukifunga mkono ukiwa wazi, ukija kukunja ngumi damu inakwama na vidole vinakufa ganzi. Yeye alikuwa anafunga kwa kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na wimbo ukiisha mkono umekwisha. Sijawahi kuona amekosea.

Kushindwa kwa tatu kunatoka hapo. Nilikuwa nimegombana naye, mara hii si kwa utani, kwa sababu alinikataza kula mihogo ya kukaanga barabarani. Nikasema nitajifunga mwenyewe. Nilijifunga. Raundi ya pili nilimpiga mpinzani ngumi nzuri kabisa kwenye paji la uso, na kilichovunjika ni kidole changu. Yeye alipepesa macho tu. Raundi nne zilizobaki nilipigana kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ni ule wa kushoto ambao kwangu hata kubeba kijiko haukujua. Papa Kalenga alikaa kona bila kunisuta. Tulipofika dispensari alimwambia muuguzi, "Kidole ya Chui inavunjika ju ya mihogo." Muuguzi akaandika hivyo hivyo kwenye kadi.

Kushindwa kwa kwanza kulikuwa upande wa Zambia. Sisi wazito tulikuwa wachache, huwezi kupata mpinzani wa kilo zako kila mwezi, kwa hiyo ilibidi kuvuka. Mazoezini Papa Kalenga alinitafutia wapakiaji wa magunia ya unga, watu wenye migongo, akawavalisha glavu wanipige kwa zamu. Lakini kwa pambano la kweli njia ilikuwa ni mpakani, Kasumbalesa. Tulifika pale asubuhi tukiwa kwenye lori la mtu tuliyemjua, tukakaa kwenye foleni ya malori hadi miguu yangu ikavimba. Njaa ilinishika. Pembeni kulikuwa na mama mmoja anauza bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga. Mtu wa uzito wa juu hana mtu wa kumwambia amezidi kilo, na hiyo ndiyo hatari yetu. Nilikula sahani mbili. Nilipanda ulingoni saa chache baadaye, na yule Mzambia, ambaye alikuwa ametoka kwake kwa miguu akiwa amepumzika, alinipiga ngumi moja tumboni. Sitaandika kilichotokea, maana kuna akina mama watakaosoma. Jifunzeni kufika siku moja kabla. Na samaki msubiri.

Kushindwa kwa pili kulitoka kwa mwalimu wa shule. Ndiyo, mwalimu, mwenye miwani. Tulipopima uzito alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kilo kumi na tano. Alivua miwani, akaifunga kwenye leso, akampa mkewe, nikacheka kwa sauti watu wote wasikie. Yule bwana alikuwa anajua hesabu. Alinigusa, akaondoka, akanigusa, akaondoka, raundi zote, na mimi nilipiga hewa mpaka mabega yakauma. Mwamuzi alipoinua mkono wake, alirudishiwa miwani, akaivaa, akaja kunitazama kwa karibu na kuuliza kwa upole, "Kaka, haukuumia?" Hilo swali liliuma kuliko ngumi zote. Tangu siku hiyo sijamcheka mtu anayevua kitu kabla ya kupigana.

Mnaona ninavyozunguka. Naweza kuwasimulia na kushindwa kwa tano, kwa yule kijana niliyekutana naye mwishoni, ambaye alinihurumia hadi akawa anapiga mikono yangu badala ya kichwa, na watu wakaona. Lakini hizo ni aibu ambazo mtu anaweza kuzisimulia na kucheka, na nimezisimulia mara nyingi. Ninazitumia kama mtu anayeonyesha wageni sebule ili wasiingie chumbani.

Basi, mtu wa Kolwezi.

Alikuja kwetu hapa, Jumapili mchana, kugombea ubingwa wangu. Alikuwa mpakiaji wa mgodini, kifua kama mlango, na hakuwa na haraka. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa juu ya ukuta. Raundi tatu za kwanza zilikuwa zangu. Ya nne alinipiga chini ya sikio, na tangu hapo nilianza kuona taa za ukumbi zikiwa nyingi kuliko zilivyo. Ya tano na ya sita nilimkumbatia zaidi kuliko nilivyompiga. Watu waliona bingwa anacheza kwa akili. Mimi nilijua nashikilia ili nisianguke.

Sasa sikilizeni jinsi dakika moja ya kona inavyokwenda, maana ni ufundi na ni lazima mjue. Sekunde kumi za kwanza kocha hasemi, anakuacha upumue. Kisha maji kidogo, unasukutua, unatema. Kisha mafuta kwenye nyusi. Taulo hukaa begani kwa kocha, si mkononi, kwa sababu mkono wenye hofu hutupa kabla ya kichwa kuamua. Na kabla hujasimama, Papa Kalenga alikuwa na swali lake moja, kila raundi, kila pambano, "Mama yako anaitwa nani?" Ukikosea, hurudi ulingoni. Hakuna mjadala.

Baada ya raundi ya sita nilikaa. Nilipumua, nikatema. Nikainamisha kichwa ili watu wasione midomo yangu, nikamwambia, "Papa, siwezi tena. Nikitoka, utupe taulo."

Aliacha kunipaka mafuta. "Unasema?"

"Utupe. Nakulomba."

"Kama ni vile, tuache sasa. Namuita arbitre, anasimamisha pambano hapa."

"Hapana. Bantu bataona nimekaa. Niache nitoke, ukiona ananipiga mbili, njo unatupa."

Alinitazama. Halafu akauliza, "Mama yako anaitwa nani?"

"Kapinga Véronique," nikasema. Ni jina la mama yangu, nilipatia vizuri kabisa.

Nimerudia jibu hilo kichwani miaka yote. Kwa muda nilikuwa najidanganya kwamba sikuwa na akili zangu, kwamba ngumi ndiyo ilisema. Lakini nilitaja mama yangu na jina lake la ubatizo. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilitaka kutoka, na nilitaka pia kuonekana sikutoka, na mzee ndiye aliyekuwa karibu wa kubeba ile sehemu ya pili.

Kengele ikalia. Nilitoka. Yule bwana alinipiga mara mbili, tena si ngumi kubwa. Taulo likaruka juu ya kamba, jeupe, likaanguka katikati yetu. Mwamuzi akasimamisha.

Halafu watu wakaanza kupiga kelele, na walikuwa wanapiga kelele kwa ajili yangu, "Bado, bado, iko na nguvu!" Mimi niliposikia hivyo nilijisikia mzima ghafla. Nikageuka kwenye kona. Nikafungua mikono yangu hivi, kama mtu anayeuliza kwa nini. Kisha nikalipiga teke lile taulo, likatoka nje ya ulingo.

Sikusema neno hata moja, na uongo ulikuwa umekamilika. Pakiti za maji zikaanza kumrukia Papa Kalenga. Moja ilimpasukia kifuani. Alibaki amesimama na ndoo mkononi, shati limelowa, ananitazama. Alikuwa anangoja nifanye ishara yoyote. Nilishuka upande wa pili.

Siku iliyofuata mtu wa redio alinijia na kinasa sauti. Aliniuliza kama nilikuwa na uwezo wa kuendelea. Nikasema nilikuwa na nguvu, na kwamba kocha mwenyewe anajua kwa nini alitupa. Basi. Hayo maneno tu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema mzee ameuza pambano kwa watu wa Kolwezi. Wakamwita Papa Taulo. Pale sokoni, akipita, kuna wauza nguo waliotupa kitambaa mbele ya miguu yake ili watu wacheke. Wazazi wakaondoa watoto wao kwenye ukumbi. Ndani ya msimu mmoja alibaki na wanafunzi watatu, halafu hakuna. Akahamia Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja cha mkewe, akawa analima mahindi na maharage.

Mimi nilibaki bingwa aliyeonewa. Hakuna cheo kitamu kama hicho. Watu walininunulia vinywaji zaidi kwa ajili ya pambano nililoshindwa kuliko kwa yale niliyoshinda.

Mtauliza kama sikwenda kumwona. Nilikwenda. Nilikwenda wiki ya tatu, nimejiandaa, maneno nimeyapanga. Alikuwa shambani. Aliponiona akaegemea jembe, akasema, "Chui anafika. Bibi, ficha mbuzi."

Na mimi, badala ya kusema nililokwenda kusema, nikajibu, "Hii mbuzi iko mukondefu, hata nyama haina."

Akacheka. Mkewe, Mama Béatrice, hakucheka, lakini alileta viti. Tukakaa, tukala mahindi, tukatukanana hadi jua likashuka, nikarudi nyumbani. Na ikawa hivyo miaka yote iliyofuata. Kila nilipofungua mdomo kusema, utani ulitoka wa kwanza. Nafikiri yeye alinipa ule mlango makusudi, kwa huruma, ili nisidhalilike mbele yake. Lakini mlango alinipa niupite mara moja. Hakunipa ili nijenge nyumba mle.

Mara moja tu aligusa jambo lile. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, nikamshika mkono kumpeleka kivulini. Akaniuliza, akiniita kwa jina langu badala ya Chui, "Dido, mama yako anaitwa nani?"

Nikasema, "Kapinga Véronique."

"Bon. Kichwa ingali inatumika," akasema. Akangoja kidogo. Nilitazama mahindi. Akaanza kuzungumza juu ya mvua.

Mwaka huu alikufa. Wengine wenu mlikuja kwenye matanga, mlikaa nyuma na fulana za klabu, nawashukuru. Kwa hiyo mliona, ingawa hamkujua mnaona nini. Huko ndiko kushindwa kwa sita, na hakumo kwenye orodha yenu.

Turubai lilikuwa limefungwa, katekista amemaliza sala, na zamu ya banungwe ikafika. Watu wa ukoo wangu walikuja na mataulo. Mmoja alikuwa amelifunga kwenye fimbo kama bendera. Mwingine alilala chini akijifanya maiti, na kila katekista alipokohoa alirusha taulo hewani. Wakasema Petro akimfungulia huyu mzee mlango wa mbinguni atatupa taulo kabla hajaulizwa jina. Watu walicheka na machozi yao. Familia nayo ilicheka, maana ndivyo inavyotakiwa, kicheko cha watani kinawapumzisha wafiwa. Mama Béatrice alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, anatazama chini.

Ndipo mtu akaita, "Champion, na weye simama. Weye njo munungwe mukubwa."

Nilisimama. Vijana, nawaambia kweli, nilisimama nikiwa nimeamua. Nilikuwa nimechelewa miaka yote hiyo, lakini pale palikuwa na mke wake, watoto wake, mtaa mzima uliomwita Papa Taulo. Nikasema kwa sauti, "Huyu mzee hakutupa taulo kwa mapenzi yake. Mi njo nilimulomba. Nilimuambia mu kona, siwezi tena, utupe. Na kisha nikamukana mbele yenu."

Wakacheka.

Walicheka kuliko walivyocheka kwa wote walionitangulia. Mtani msibani kazi yake ni kugeuza mambo juu chini, na wao walisikia bingwa wao anajigeuza juu chini kwa ajili ya marehemu. Waliona ni utani mkubwa kuliko yote. Wakapiga makofi. Nikasema tena, "Ni kweli," wakacheka zaidi, maana na hiyo ni sehemu ya mchezo. Yule mwenye fimbo akafungua taulo lake, akalitupa chini mbele yangu.

Nililitazama lile taulo. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama zikingoja, zimefurahi, zinanipenda. Na mguu wangu ukalipiga teke.

Nasikia aibu kuandika hapa kuliko nilivyosikia pale. Pale sikusikia kitu, nilisikia makofi tu. Nilifungua hata mikono yangu, hivi, kama siku ile. Turubai zima lilishangilia. Nilipokaa ndipo nilipokutana na macho ya Mama Béatrice, na sikumwona akicheka.

Baada ya wiki moja nilikwenda Annexe peke yangu. Mama Béatrice alikuwa anapukuchua mahindi kwenye beseni. Hakuniletea kiti. Nilikaa kwenye tofali.

"Siku ile pa matanga," akasema bila kuinua uso, "ulisema kweli ao ulikuwa unacheza?"

"Nilisema kweli, mama."

"Mbona ulipiga taulo teke?"

Nilimuuliza kama mzee aliwahi kumwambia habari ya kona.

"Hata siku moja. Hakuniambia kintu." Akaendelea kupukuchua. "Unajua mi nilimuambia nini? Siku ile anarudia na shati ya maji, nilimuambia: unauzisha mutoto wa bantu. Ni mi, bibi yake, njo nilisema vile. Na kisha tulipohamia huku, kila mara mahindi ilikosa, nilimurudilia ile neno. Ule mwaka wote. Na mwaka wa kufuata. Yee ananyamaza tu, anabeba jembe, anaenda."

Mikono yake ilisimama ndani ya beseni.

"Mi nilimutukana ju yako, Dido. Na sasa nitamulomba pardon wapi?"

Nilipiga magoti. Mwili wangu ni mkubwa na magoti yangu mabovu, ilichukua muda, na yeye alitazama bila kunisaidia. Nilimwomba msamaha. Hakuniambia amenisamehe, na siwaambii kwamba alinisamehe. Aliniacha pale chini muda mrefu, akamaliza gunzi moja, akachukua lingine.

Halafu akasema, "Simama, utaumia. Ku mudomo bantu batacheka tena. Weye ukisema, bantu banacheka, njo vile unabazoeza. Tafuta fashi ingine."

Nilirudi bila kujua njia ingine ni ipi. Kisha ninyi mkaniletea daftari.

Basi kazi yenu ni hii. Mistari minne mingine iacheni kama ilivyo. Kwa yule Mzambia mnaweza kuongeza samaki, mkipenda. Mstari wa nne ufuteni. Andikeni hivi, kwa herufi kubwa sawa na zile za ushindi: "Mtu wa Kolwezi. Raundi ya saba. Bingwa aliomba mwenyewe taulo, akamsingizia kocha wake, Papa Kalenga." Msipunguze neno. Kama baada ya hapo mtaona jina langu halifai kuanza ukuta, nitawaelewa, na sitauliza.

Jumapili baada ya misa Mama Béatrice atakuja ukumbini kuuona. Nimemwambia rangi itakuwa imekauka. Hajui kusoma, kwa hiyo mmoja wenu amsomee. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo kando yake. Amsomee kwa sauti, polepole, neno kwa neno, na tafadhali, msicheke.